Namna ya Kuandika Daftari la Nyumba: Mbwa, Paka na Vitu Visivyouzwa

Chini ya kitanda changu, hapa Kikuyu mjini Dodoma, kuna tranka la bati ambalo mnunuzi wa vyuma chakavu angelipima pamoja na vilivyomo na kulilipia bei ya soda mbili. Ndani yake mna taa ya chemli isiyo na chupa, kengele ya mbuzi, mkanda wa shingoni wa mbwa aliyekufa, sarafu yenye tundu katikati, khanga mbili na kitasa ambacho ufunguo wake haujulikani ulipo. Kila kimoja kina namba iliyoandikwa kwenye kipande cha kitambaa na kufungwa kwa uzi, na kila namba ina ukurasa wake katika kaunta buku ambayo sisi tunaiita daftari la nyumba. Hapa nitaeleza namna ya kuandaa daftari la aina hiyo, tangu kuchagua vitu hadi kuvihifadhi visiliwe na mchwa, na pia namna ya kuwaandika wanyama wa nyumbani, ambao hawawezi kufungiwa ndani ya tranka.

Nilianza kazi hii baada ya hasara. Babu yangu mzaa baba alikuwa na kigoda cha miguu mitatu alichokichonga mwenyewe, na kila jioni alikikalia mbele ya mlango wa tembe lake kijijini, akiangalia mifugo inavyoingia zizini. Alipofariki kigoda kilibaki jikoni, mguu mmoja ukiwa umelegea. Miaka mingi baadaye tulipata msiba, vijana wa jirani wakaja kusaidia kupasua kuni, na katika zile kuni kigoda nacho kikaingia chini ya sufuria la ugali. Hakuna wa kulaumiwa. Kijana aliyekitia motoni alikuwa ametumwa kuni, naye alileta kuni. Kwa mtu asiyejua habari zake, kigoda chenye mguu uliolegea hakina jina jingine.

Vifaa na kuchagua

Nunua kaunta buku yenye jalada gumu, si daftari la shule lenye pini mbili, kwa sababu daftari la shule likishikwa na mikono mingi huachia kurasa za katikati kabla ya mwaka kwisha. Andika namba za kurasa zote kabla ya kuandika neno lolote, ili atakayechana ukurasa ajulikane kuwa amechana. Upande wa kulia andika habari, upande wa kushoto uache wazi, kwa sababu kila habari utakayoiandika italeta mtu wa kuipinga, na pingamizi hilo lina haki ya kupata nafasi yake.

Kosa la kwanza la wengi ni kutaka kuandika kila kitu kilichomo nyumbani. Nilifanya hivyo mwanzoni, na nilipofika kitu cha ishirini na tatu, ambacho kilikuwa chujio la chai, nikachoka na kuliacha daftari miezi minane. Anza na vitu visivyozidi kumi. Kipimo ninachokitumia sasa ni hiki: kitu kinachostahili ukurasa ni kile ambacho kikitoweka, kuna mtu nyumbani atakayeuliza kiko wapi kabla wiki haijaisha, na ambacho hata akiletewa kipya cha aina hiyohiyo hataridhika. Bei haimo katika kipimo hiki. Televisheni yetu ni ghali kuliko tranka zima, lakini haina ukurasa, kwa kuwa ikiharibika tutakachokitaka ni televisheni nyingine tu.

Tandika mkeka uani asubuhi, uvitoe vitu vyote vinavyoshukiwa kuwa na habari, na uwaite watu wa nyumbani wachague. Epuka kufanya kazi hii mwezi Julai au Agosti baada ya saa nne, kwa maana upepo wa Dodoma katika miezi hiyo utakujazia vumbi kwenye kila kitu na kupeperusha kila karatasi. Waruhusu watoto nao wachague kimoja kila mmoja bila kuwaingilia. Mtoto wangu wa mwisho aliziruka khanga za bibi yake na kuchagua sufuria dogo lililokatika mkono ambalo mbwa wetu alikuwa analia chakula. Nilitaka kumrekebisha, kisha nikakumbuka kwamba kwa miaka sita ni yeye aliyekuwa analijaza.

Kuwauliza wazee

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo wengi huharibu kwa kuuliza maswali makubwa mno. Ukimwendea mzee na kumuuliza kitu fulani kina umuhimu gani katika maisha yake, atakujibu kwa maneno ya heshima yasiyo na kitu ndani: kina umuhimu sana, mwanangu, ni kumbukumbu. Utaandika hivyo, na mjukuu wako atakayesoma hatakuwa amepata chochote. Uliza badala yake maswali ambayo jibu lake ni mahali, mkono au katazo: kilikuwa kinakaa wapi, nani alikuwa anakitumia, nani alikatazwa kukigusa, kilianguka lini, nani alikitengeneza kilipovunjika.

Nilipokwenda kijijini kumuuliza bibi habari za kibuyu chake cha maziwa, ambacho kina ufa ulioshonwa kwa uzi mnene kama jeraha la hospitali, mazungumzo yetu yalianza hivi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo umekuja na karatasi, nimekosa nini?"

Nikamwambia hajakosa kitu, ila nataka kujua kibuyu kilikuwa kinakaa wapi. Hakujibu kwa mdomo. Aliinuka, akaingia jikoni, akanyoosha mkono juu kidogo ya kichwa chake, karibu na ukuta uliokuwa mweusi kwa moshi. "Hapa, juu ya kichanja. Ukikiweka chini, watoto wanakipiga teke. Ukikiweka mbali na moshi, maziwa yanapoteza harufu yake."

"Na nani alikatazwa kukigusa?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Wewe hapo. Nani mwingine alipanda kinu akakishusha, akakiangusha, akakimbilia kwa baba yake akasema ni paka?"

Nilikuwa na umri wa miaka mitano na sikumbuki hata kidogo, lakini sasa ufa ule una habari yake kamili, na katika ukurasa wa kushoto nimeandika utetezi wangu, ambao bibi ameukataa. Kama ningemuuliza umuhimu wa kibuyu, nisingeupata mkosi huo.

Jambo la pili ni tarehe. Wazee wetu wengi hawahesabu kwa miaka ya kalenda, na ukimlazimisha mzee ataje mwaka atakutajia wowote ili umwachie nafasi apumzike. Mpe matukio, uyapange kabla na baada. Kwa watu wa Ugogo, nchi ya Wagogo hapa Dodoma, matukio hayo hayakosekani. Ipo njaa ya Mtunya ya miaka ya 1917 hadi 1920, ambayo leo hakuna aliye hai wa kuikumbuka lakini wapo waliosimuliwa na walioiona. Upo mradi wa karanga wa Kongwa ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Upo Uhuru wa Desemba 1961, kuhamishiwa kwa watu katika vijiji vya ujamaa mwanzoni mwa miaka ya 1970, uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na mvua za El Niño za 1997 na 1998. Muulize mzee: taa hii ilinunuliwa mkiwa bado kule mlikokuwa, au mlipokwisha hamia kijijini? Jibu litakuja mara moja, tena mara nyingi litakuja na jina la aliyeibeba siku ya kuhama.

Vitu vyenyewe pia hutoa ushahidi ukivitazama kwa makini. Sarafu yetu yenye tundu ni ya senti kumi ya Afrika Mashariki, na juu yake limeandikwa jina la Mfalme George wa Sita, aliyetawala Uingereza kuanzia mwaka 1936 hadi 1952. Tanzania ilianza kutoa shilingi yake mwenyewe mwaka 1966. Kwa hiyo shangazi aliposema sarafu hiyo ilikuwa ya babu alipokuwa kijana, sarafu ilikubaliana naye. Lakini binamu aliyedai ilichimbwa kutoka kaburi la Mjerumani alilazimika kunyamaza, ingawa naye nimempa mistari miwili upande wa kushoto.

Kuwaandika wanyama

Mnyama ana ugumu wake. Chemli itakungoja miaka thelathini uiandike, lakini mbwa huishi miaka kumi na kidogo, na baada ya kufa anachoacha ni alama ya kucha mlangoni na mkanda. Nashauri mnyama aandikwe akiwa hai, tena aandikwe na zaidi ya mtu mmoja, kwa sababu mbwa wa nyumba moja huwa ni mbwa wanne tofauti kulingana na nani anamsimulia.

Anza na namna alivyofika na jina lake. Majina ya mbwa kwetu mara nyingi ni barua kwa jirani. Baba alimleta mbwa wetu kutoka Hombolo akiwa ndani ya kikapu, mwaka ambao mgogoro wa mpaka wa kiwanja kati yetu na nyumba ya pili ulikuwa umefika kwa mjumbe na kukwama. Akamwita Tusubiri. Kila jioni alisimama uani akiita kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, akiwa ameelekea uzio, "Tusubiri! Tusubiri!" na mbwa alikuwa tayari amekwisha fika miguuni pake. Ukiandika tu kwamba mbwa aliitwa Tusubiri, atakayesoma atadhani ni jina la upole.

Kisha andika tabia moja au mbili zilizokuwa zake peke yake. Kusema kwamba mbwa alikuwa mwaminifu ni kusema kwamba alikuwa mbwa. Andika alichokuwa anafanya, saa ngapi na mahali gani. Andika pia mipaka ya nyumba kuhusu wanyama, kwa sababu mipaka hiyo inaeleza familia kuliko picha. Mama mkwe wangu ni mwenyeji wa Kondoa, Mwislamu, na alipokuja kukaa nasi alisema wazi kwamba mbwa abaki uani na chombo chake kisiingie jikoni. Lakini paka aliyekuja naye alilala juu ya kitanda chake na alikuwa wa kwanza kupata dagaa. Kwa hiyo nyumba yetu ikagawanyika kizingitini: ndani ni milki ya paka, nje ni milki ya Tusubiri, na kila mmoja wao alijua mpaka huo vizuri kuliko wageni.

Mbuzi na kuku wana swali lao. Katika mkoa wa wafugaji kama huu, mtu mzima hatamwita mbuzi mnyama wa kupendwa, lakini mtoto aliyemnyonyesha mwana mbuzi yatima kwa chupa atamwita hivyo, na siku ya sikukuu kutakuwa na kilio. Ushauri wangu ni kwamba mtoto asidanganywe kuwa mbuzi amepelekwa kwa mjomba. Alidanganywa hivyo dada yangu, na mwaka uliofuata alipokwenda kwa mjomba alimtafuta mbuzi wake zizini kutwa nzima. Kengele namba 5 katika tranka letu ni ya mbuzi huyo, na aliyeandika ukurasa wake ni dada mwenyewe, kwa maneno makali ambayo nimeyaacha kama yalivyo.

Hifadhi kadi ya chanjo ya mbwa kama unavyohifadhi cheti. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa mbwa anapofikisha miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka, hivyo kadi iliyojazwa vizuri ni kalenda ya maisha yake yote, yenye mhuri na tarehe ambazo hakuna mzee wa kuzibishia. Kwetu kadi ndiyo iliyotupatia mwaka ambao sikio lake lilichanika, maana ofisa mifugo alilitaja pembeni kwa kalamu.

Kuhusu kifo, nitasema machache lakini ya lazima. Mbwa akifa baada ya kubadilika tabia ghafla, kutoka mate mengi au kuuma ovyo, usimguse kwa mikono mitupu na usikate wala kutoa chochote mwilini mwake kwa ajili ya kumbukumbu. Mjulishe ofisa mifugo wa kata. Aliyeumwa au aliyeingiwa na mate ya mbwa huyo katika kidonda aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 bila kupunguza, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu ugonjwa huu dalili zikishaanza kuonekana kwa mtu hauna tiba. Mbwa aliyekufa kwa uzee unaweza kumzika uani ikiwa kiwanja kinaruhusu, mbali na kisima, katika shimo la kina cha mita moja au zaidi ili wanyama wengine wasimfukue. Udongo wa Dodoma wakati wa kiangazi ni kama sakafu, kwa hiyo andaa sururu na watu wawili wa kupokezana. Tusubiri alituhurumia akafa mwezi wa Machi, ardhi ikiwa bado laini kwa mvua, akazikwa chini ya mwarobaini.

Picha

Kaskazini mwa mji wa Kondoa, kwenye barabara ya kwenda Babati, huko Kolo, kuna michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Wamechorwa humo twiga, tembo na pofu, na watu wembamba warefu kwa rangi nyekundu. Mtaalamu atakueleza rangi na umri, lakini hakuna awezaye kukwambia yule mnyama wa pembeni alikuwa wa nani au alifanya nini siku hiyo. Simu yako imejaa michoro ya Kolo: picha elfu tatu zisizo na neno hata moja.

Chagua picha mbili za kila mnyama na moja ya kila kitu, uzichapishe kwenye karatasi, na uandike nyuma kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino, kwa kuwa wino hupenya na kutokea upande wa uso. Unapompiga mnyama picha, chuchumaa mpaka macho yako yalingane na yake. Picha iliyopigwa umesimama huonyesha mgongo na mkia. Mnyama mweusi mpige asubuhi au alasiri akiwa kivulini, kwani jua la saa sita litamgeuza kuwa shimo jeusi lenye ulimi. Kitu kiweke kando ya rula au kiberiti ili ukubwa wake ujulikane.

Picha za zamani usizipitishe kwenye mashine ya leminesheni. Joto na gundi ya plastiki hiyo haviwezi kuondolewa tena bila kuiharibu picha. Zitie katika bahasha safi, moja moja. Na kama una picha moja tu ya mtu, usiiache mikononi mwa yeyote usiku kucha. Picha pekee ya baba akiwa kijana niliipeleka studio ili ikuzwe. Niliporudi baada ya wiki mbili mlango ulikuwa na kufuli, na baada ya mwezi palikuwa na duka la vipodozi. Siku hizi ningesimama pale, ikapigwa kwa kamera mbele yangu, nikaondoka nayo.

Kuhifadhi

Dodoma ina mvua za msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na hewa yake kavu inatuepushia ukungu unaowatesa ndugu zetu wa pwani. Adui zetu ni mchwa, vumbi na joto la bati. Mchwa hupanda kutoka sakafuni na ukutani, kwa hiyo tranka likae juu ya matofali manne na liachane na ukuta kwa upana wa kiganja, ili njia yoyote ya udongo ionekane kabla haijafika. Lichungulie chini kila baada ya miezi mitatu. Usiliweke juu ya dari, hata kama nafasi ni ndogo. Huko juu mchana wa Oktoba na Novemba ni tanuri.

Khanga zioshwe, zikaushwe kivulini, zikunjwe kwenye mstari tofauti kila mwaka kwa sababu mkunjo ukikaa mahali pamoja huwa mpasuko. Zifunge katika shuka kuukuu la pamba badala ya mfuko wa plastiki, na uweke kando yake kifuko cha majani makavu ya mwarobaini kwa ajili ya wadudu. Andika daftarini maneno yaliyochapwa kwenye khanga, kwani ndiyo yanayofifia kwanza, na andika nani alimpa nani. Khanga ni ujumbe, na ujumbe usiojulikana ulitumwa kwa nani umepoteza nusu yake.

Vyuma vifutwe vumbi kwa kitambaa kikavu na kupakwa mafuta kidogo. Usisugue chemli mpaka ing'ae. Masizi yaliyomo ndani ya kofia yake ni ya usiku ambao mama alisahihisha madaftari ya darasa la tatu akiwa na mimi mgongoni, na nikiyaondoa nitabaki na bati. Ngozi isianikwe juani. Kibuyu kisiguswe na jua wala maji mengi, na ufa ulioshonwa usitafutiwe gundi ya kisasa. Ule uzi nao ni wa kuandikwa.

Ukurasa mmoja ukoje

Ukurasa mzuri huanza na vitu vinavyopimika, kisha hutoa tukio moja, kisha hunyamaza. Usieleze ulivyohuzunika. Huu hapa ni ukurasa wa namba 3 kama ulivyo katika daftari letu.

"Mkanda wa shingoni. Ngozi ya ng'ombe, urefu sentimita 46, matundu matano, la pili kutoka mwisho limepanuka. Ulishonwa na fundi viatu katika soko la Majengo kutokana na mkanda wa suruali wa baba. Ulivaliwa na Tusubiri, mbwa dume, rangi ya hudhurungi, sikio la kushoto limechanika. Aliletwa Novemba 2009, akafa Machi 2021. Alilala kwenye ngazi ya pili, siyo ya kwanza. Aliutambua mlio wa baiskeli ya baba, Phoenix, ikiwa bado kwenye kona ya msikiti, akasimama kabla ya mtu yeyote nyumbani kusikia kitu. Baba alifariki 2017 na baiskeli ikauzwa kwa jirani, yule wa mpaka. Tangu hapo kila jioni jirani alipopita, Tusubiri alisimama, akamtazama, akarudi kulala."

Upande wa kushoto jirani ameandika kwa mkono wake, nilipompelekea daftari, kwamba alianza kupita njia ya nyuma kwa sababu hiyo.

Nani abaki na nini

Msingoje kikao cha arobaini kuamua nani achukue nini. Katika kikao hicho watu wanaona aibu kukitaka kitu kidogo wasionekane wana tamaa, na matokeo yake vitu vidogo hukosa mwenyewe na vikubwa hugombaniwa. Aliye hai na aseme sasa, na jina la atakayepokea liandikwe mwisho wa ukurasa na wote wawili watie sahihi. Si hati ya mahakamani, na haiondoi haja ya wosia wa kweli kwa nyumba na shamba, lakini hadi leo hakuna aliyebishia sahihi ya bibi chini ya ukurasa wa kibuyu. Amempa mke wangu. Amesema mimi siaminiki.

Vipo vitu ambavyo hakuna anayevijua. Usivitupe, na usivitungie habari. Andika vipimo vyake, tarehe uliyouliza, uliyemuuliza na alichojibu, hata kama amejibu hajui. Kitasa chetu, namba 9, nimekiuliza kwa watu saba. Mama mkubwa alisema kilitoka katika nyumba za reli. Baba mdogo alisema ni cha mlango wa kanisa la zamani. Bibi alisema ni chuma tu, nipunguze karatasi. Desemba iliyopita shangazi alipiga simu saa nne usiku, salamu zenyewe akazikata katikati, akasema amekumbuka kwamba babu aliporudi kutoka Kongwa, mradi wa karanga ulipofungwa, alikuwa na godoro, sarafu mfukoni na kitu kizito kilichofungwa kwenye gazeti ambacho alikataa kumwonyesha mtu. Nimeyaandika maneno yake kwa penseli, nikaacha mistari sita wazi chini yake, na Jumamosi nakwenda kumuuliza bibi habari za gazeti hilo.